Shikamoo Haipigwi kwa Honi

Mimi ni mtu wa nyumbani. Sijisifu. Hapa kwetu, kati ya Soni na Bumbuli, mwanamume anayependa jiko kuliko barabara huitwa kuku anayetamia, na mimi nimeitwa hivyo na mke wangu mwenyewe mbele ya wageni. Sekondari nilisoma Tanga kwa sababu nilifaulu, si kwa sababu nilitaka. Miaka yote ile ya bweni nililala kifudifudi wenzangu wasione machozi, na nilipomaliza kidato cha nne nilipanda mlima nikijiapiza kwamba kuanzia siku ile habari za joto nitazisikia redioni.

Cheti ndicho kilichoniponza. Enzi zile za vijiji vya ujamaa, mtu mwenye kidato cha nne alikuwa kama jembe jipya: kila mmoja anataka kulima nalo, hakuna anayeliuliza linajisikiaje. Walinifanya karani wa duka la ushirika, kisha karani wa mizani ya maharage, na kijiji kilipopata basi, nikawa karani wa basi.

Nikisema basi, nalipamba. Lilikuwa lori kuukuu lililojengewa bodi kwa mbao za msitu wa Shume, mabenchi marefu ndani, na turubai la kuteremsha mvua ikija. Lakini lilikuwa letu. Siku lilipofika wazee walilizunguka wakilipapasa ubavu kama watu wanaonunua ng'ombe, na mmoja akainama kulitazama chini, sijui alitaka kuona nini. Kazi yake ilikuwa kuteremsha watu na kabichi hadi Mombo, kule bondeni ambako barabara yetu inakutana na barabara kuu, na kuwapandisha wanaorudi kutoka safari za mbali.

Mombo ndiko kulikokuwa na kidonda. Basi kubwa la kutoka Moshi kwenda Dar es Salaam lilipita pale asubuhi, jua likianza kuuma. La kutoka Dar lilipita mchana. Yote mawili yalikuwa ya kampuni moja na yote mawili hayakuwa na habari nasi. Yalisimama kwa muda wa mtu kumeza chai ya moto, yakaondoka. Sisi tukifika tunakuta vumbi. Abiria wetu wakalala Mombo kwenye nyumba ya wageni yenye kunguni wakubwa kama maharage, wakingoja la kesho, na la kesho likija limejaa. Wanaotoka Dar nao walishushwa pale mchana wakakuta gari letu limeshapanda, kwa sababu dereva wetu hakujua wanakuja. Kuna mama aliikosa harusi ya binti yake. Alirudi na kapu lake la plamu alizokuwa akiwapelekea wakwe, zimeshaanza kuchacha, akapita nalo mlango kwa mlango kutuonyesha. Afadhali angetukana.

Mkutano wa kijiji ukaitishwa. Watu wakalalamika mpaka wakachoka, kisha mwenyekiti akasema dawa ni moja: kijiji kiweke mtu wake Mombo, akae kule, awashike watu wa basi kubwa mkono na mguu mpaka watutambue. Awe anajua kusoma na kuandika. Awe anajua kuzungumza na watu wa mjini. Nikaona vichwa vinageuka. Nami nikageuka nyuma kumtazama huyo mtu. Nyuma yangu palikuwa na ukuta.

Nilipofika nyumbani mke wangu alikuwa ameshasikia. Alikuwa akimnyonyesha mtoto wetu wa kwanza, ambaye wakati ule alikuwa ndio kwanza anaanza kucheka akiniona, labda kwa sababu ya masikio yangu.

"Mombo si Ulaya," aliniambia. "Utakuwa unapanda Jumamosi."

"Na shamba?"

"Shamba nimelilima mimi tangu tuoane. Wewe ulikuwa unashika kivuli."

Nikamuuliza, na mtoto? Akasema kwa mzaha kwamba mtoto atazoea, atakuwa ananiita mjomba. Alicheka, kisha cheko likamkatikia katikati, akamhamishia mtoto titi la pili na kuanza kutazama moto. Hapo ndipo nilipojua kwamba sitaki kwenda Mombo, na kwamba safari hii haikuwa uvivu wangu wa kawaida.

Nikamwomba mwenyekiti anipe nafasi nitafute njia nyingine. Akanipa mpaka maharage yavunwe. Maharage yaivapo hayamsubiri mtu, kwa hiyo nilishuka mara moja kumwona wakala wa ile kampuni. Alikuwa mtu mnene mpole, mwenye taulo shingoni la kufutia jasho, na alinisikiliza kama daktari. Kisha akanifundisha biashara yake. Kiti kitupu, alisema, hakinyamazi. Nacho kinakunywa dizeli. Akiwawekea watu wa mlimani viti kutoka Moshi mpaka Mombo, halafu watu wa mlimani wasionekane, hiyo dizeli imenywewa na shetani. Lakini aliona faida pia, kwa sababu sisi Wasambaa tukishapanda hatushuki njiani. Ni mpaka Dar.

Tukakubaliana. Tiketi ikatwe huku juu kijijini, moja tu, kutoka mlangoni kwa mtu mpaka Dar, na kondakta wetu amkabidhi fungu la kampuni. Yeye atatuwekea benchi la nyuma kwa majaribio. Mchana basi letu lingoje la kutoka Dar, hata likichelewa, na watu kule Dar waambiwe wazi kwamba gari la mlimani linawangoja. Masharti yalikuwa mawili. La kwanza, tufike kabla ya basi kubwa, siku zote.

"Na la pili," alisema akijifuta shingo, "lazima pawe na mtu wenu hapa stendi. Dereva wangu hasimami kwa ajili ya mti. Anasimama kwa ajili ya mtu anayemjua."

La kwanza nilisema ndiyo. La pili nilikohoa.

Nikarudi nikakaa na rula. Niliandika ratiba ambayo mpaka leo naiona nzuri. Nilihesabu kona zote, vituo vyote, muda wa kuipoza injini Soni na kuitilia maji, hata muda wa kumsubiri yule bibi mmoja ambaye kila siku alikumbuka kitu nyumbani baada ya kupanda. Niliibandika mlangoni pa duka la ushirika. Watu walikuja kuitazama, na waliosoma wakawasomea wasiosoma. Nikaanza kuamini kwamba nimeokoka.

Siku ya kwanza ya majaribio nilipanda mwenyewe, nimefunga tumbo kwa kanga ya mke wangu kwa sababu kona za Soni na mimi hatupatani. Dereva wetu alikuwa kijana wa hapa hapa, mwenye adabu, tena aliyechaguliwa kwa ajili ya adabu yake. Tulitoka mapema. Hatujamaliza hata kilima cha kwanza, nikaona mzee anachunga mbuzi kando ya barabara. Dereva akasimamisha gari. Akazima injini. Akavua kofia, akateremka, akasema shikamoo.

Hapo wageni wa maeneo yetu wanahitaji kuelewa jambo. Kwetu salamu si neno, ni safari. Ukishaamkia, unaulizwa umeamkaje, nyumba imeamkaje, mama yako goti lake, mbuzi, mahindi, yule mtoto aliyekuwa na surua. Nawe unarudisha yote hayo kwa mpangilio. Na haifanywi ukiwa umekaa juu na mkubwa wako amesimama chini. Kijana anayeamkia kupitia dirishani huku gari linatembea, jioni habari yake imeshafika kwa baba yake.

Tulimwamkia mzee wa mbuzi. Tuliwaamkia wazee wawili waliokuwa wanatoka msikitini bila haraka yoyote. Tulimwamkia bibi aliyekuwa shambani mbali kabisa, ambaye alilazimika kupanda mpaka barabarani ili aamkiwe vizuri. Kila mara nilikuwa natazama saa, na kila mara nilikuwa nami nashuka, maana ningebakije juu? Tulipokaribia Soni dereva alitokwa na jasho ghafla. Mbele yetu alikuwa anakuja mama mkwe wake, na kuni kichwani. Mkwe haamkiwi tu. Dereva alizibeba kuni zile mwenyewe mpaka nyumbani kwake, na sisi abiria wote tuliona amefanya vyema. Hakuna hata mmoja aliyelalamika. Ndivyo tulivyolelewa.

Mombo tulikuta vumbi.

Ratiba yangu ilikuwa na kila kitu isipokuwa adabu. Wakala alinitazama tu, akapeleka taulo usoni na kuliacha huko. Alinipa nafasi moja tena.

Nikapeleka hoja kwenye mkutano. Nilieleza kwa upole kwamba basi ni mali ya wote na wakati wa basi ni wakati wa wote, kwa hiyo ingefaa dereva akiwaona wazee apige honi mara mbili kwa heshima, apite, na jioni akirudi aamkie kikamilifu. Nilidhani nimesema jambo la busara. Kisha akasimama mzee mmoja mfupi, mjane wa siku nyingi, mwenye magoti mabovu na ulimi mzima.

"Mwanangu," aliniambia, "honi wanapigiwa mbuzi."

Akakaa. Hoja ikafa pale pale, na mwenyekiti akaniuliza mbele ya watu kama nimeshatafuta chumba Mombo.

Aliyenitoa shimoni ni mke wangu, naye alikuwa ananitania tu. Nilikuwa nimejiinamia jikoni, nikisema kwamba tunachohitaji ni dereva asiye na mkubwa, asiye na mkwe, asiye na haya. Akasema mtu huyo yupo, mbona, yule Mnyamwezi aliyekuwa akiendesha lori la majani ya chai huko mashambani. Juzi gulioni alimwambia mzee wa msikiti kwamba ndevu zake zinafaa kuwa ufagio, na mzee akacheka mpaka akampa ndizi.

Nikainua kichwa. Wanyamwezi ni watani zetu tangu enzi za misafara, na mtani hana shikamoo na mtu. Anatukana, anatukanwa, na anayekasirika ndiye mkosaji. Wala hahitaji kushuka. Tusi linaruka vizuri zaidi gari likiwa linatembea.

Huyo Mnyamwezi alikuwa ameacha kazi ya chai na analima bustani ndogo. Nilipomweleza alisema yuko tayari, mradi asilazimishwe kuhudhuria mikutano yetu mirefu. Yule dereva wa adabu akafanywa kondakta, na nadhani alishukuru kimoyomoyo.

Siku ya majaribio ya pili nilifunga tumbo tena. Tulipomkuta mzee wa mbuzi, Mnyamwezi hakugusa breki. Alitoa kichwa dirishani akamuuliza kama bado hajafa, maana yeye sanda alishanunua na duka halirudishiwi bidhaa. Mzee alishtuka. Kisha sura yake yote ikafunguka, akatupigia kelele nyuma kwamba mpagazi aliyezoea mizigo kichwani nani kampa usukani. Wale wa msikitini waliambiwa wana mguu mmoja mfupi, kwa kuzaliwa mteremkoni. Yule bibi wa shambani alimjibu Mnyamwezi jambo ambalo siwezi kuliandika hapa, na abiria walishika mbavu hadi Soni. Tulifika Mombo kabla ya basi kubwa. Tulipata hata muda wa kutapika kwa utulivu, yaani mimi.

Mambo yakaenda hivyo, siku baada ya siku. Tiketi zikaanza kukatwa, watu wakaanza kuagana na ndugu zao wakijua kweli wanaondoka. Lakini lile sharti la pili lilikuwa palepale. Wakala alikubali kunisubiri mpaka mavuno, na kwa siku hizo chache mimi mwenyewe nikawa nashuka na kupanda, nikisimama barabarani kumpungia dereva wa basi kubwa, naye mara nyingi alinipita hatua nyingi kabla hajakumbuka. Maharage yakavunwa. Mwenyekiti akanipa mkono, akaniambia kijiji hakitanisahau. Mke wangu akaviringisha godoro letu, maana tulikuwa nalo moja, akalifunga kamba, akasema yeye na mtoto watajua la kufanya. Hakunitania asubuhi ile. Ningelipa chochote anitanie.

Basi likatoka, godoro langu juu ya paa. Shida nyingine ilikuwa imeshaanza kuota. Wazee walikuwa wamenogewa na utani ule. Walianza kutoka nyumbani mapema ili watukanwe, tena wamejiandaa kwa majibu. Siku hiyo, kwenye kona nyembamba juu ya Soni, tulimkuta yule mzee mfupi wa honi amesimama katikati ya barabara na fimbo yake. Jana yake Mnyamwezi alikuwa amemtupia tusi akapita kabla hajajibiwa, na mzee hakulala.

Mnyamwezi akasimama, hakuwa na njia. Mzee akaanza. Nikatazama saa, nikatazama bonde, nikaliona basi kubwa akilini mwangu likipita bila sisi.

"Babu, panda," Mnyamwezi akamwambia. "Malizia njiani. Huku nje nitakusikia nusu."

Mzee akapanda, akakaa mbele, na hakunyamaza mpaka Mombo. Wala sijui kama alitambua kwamba anashuka mlima. Tulipofika aliteremka, akasimama juani, akaacha kusema. Akakunja goti moja. Akakunja la pili. Akaniuliza kama huku siku zote huwa na joto hivi. Nikamwambia ndiyo, kwa uchungu. Akasema ana binti ameolewa hapa hapa, nyuma ya stendi, anamwita kila mwaka, na yeye hukataa kwa sababu atakuwa anafanya nini.

Nilikuwa nimeshateremsha godoro langu na kuliweka kando ya barabara. Mzee akalikalia, fimbo katikati ya miguu, kupumzika tu. Na hapo basi kubwa likatokea.

Dereva wake, kijana wa Moshi ambaye mimi alizoea kunipita, alimwona mzee mwenye kanzu amekaa barabarani juu ya godoro. Breki zililia. Basi lilisimama mbele ya mzee kabisa, kijana akashuka, akavua kofia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umeamkaje?"

Mzee akampeleka safari nzima: nyumba, mama, migomba ya huko Moshi, mvua, barabara, mtoto. Kijana alijibu yote kwa mpangilio, mikono nyuma. Nyuma yao abiria wetu walipanda mmoja mmoja bila kusukumana, makapu yakapandishwa, benchi la nyuma likajaa. Wakala alisimama mlangoni mwake na taulo lake, akamtazama mzee, akanitazama mimi, akamtazama mzee tena.

Niliogopa nikifungua mdomo jambo lile litaruka kama ndege.

Basi likaondoka. Wakala akaja, akamwamkia mzee, akamuuliza kama kesho atakuwepo. Mzee akasema kwamba kama binti yake bado anapika vizuri, kesho atakuwepo, na keshokutwa pia, na huyo kijana wa Moshi amwambie na yule wa kutoka Dar asipite bila kusalimia. Kisha akanigeukia.

"Wewe karani, panda basi urudi. Ukikaa hapa na uso huo, abiria watadhani kuna msiba."

Nikauliza kwa sauti ndogo kuhusu godoro.

"Godoro liache. Nimeshalikalia."

Mchana tulilingoja la kutoka Dar, tukawachukua watu wetu, tukapanda. Kona za Soni zilinichafua tumbo kama kawaida, lakini safari hii nilitapika huku nacheka, na Mnyamwezi akasema ameona Wasambaa wa kila aina ila wa aina hii bado. Nilipita kwa mke wa mwanawe, ambaye mzee alikuwa akiishi naye, kumwarifu. Aliniuliza mara tatu kama nina hakika hatarudi wiki hii, kisha akanikaribisha chai.

Jua lilikuwa linaelekea kuzama nilipoingia uani kwangu. Mke wangu alikuwa anapepeta maharage, mtoto kalala mgongoni. Alinitazama mikono, ikiwa mitupu.

"Umesahau nini?" akauliza.

"Sijasahau. Limepata kazi Mombo."

Nikamweleza yote, na ungo ukasimama mikononi mwake. Akaniambia basi nimemwachia mzee godoro nikarudi na mdomo, akapepeta tena, maharage mengine yakamwagikia chini na wala hakuyaokota. Nilimchukua mtoto mgongoni mwake, nikaingia ndani na kujilaza naye juu ya kamba tupu za kitanda. Akaamka, akaona masikio, akacheka. Nje nilimsikia mama yake akiwaambia majirani, kwa sauti ya kunifikia, kwamba kuku amerudi kutamia.